Linda Utumbo Kabla Jua la Voi Halijakuangusha: Mwongozo wa Msimu wa Joto

Kuanzia Januari hadi masika yatakapoanza, Voi huwaka. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 33 au 34 za Selsiasi, na hicho ni kipimo cha kivulini. Kwenye shamba la mkonge, ndani ya shimo la vito upande wa Kasigau, au juu ya pikipiki inayosubiri abiria kando ya barabara kuu, kivuli hakuna. Kila mtu hapa anajua kwamba joto likizidi linaweza kumwangusha mtu kwa kiharusi cha joto. Wachache wanajua kinachomuua aliyeanguka, au kinachomwachia ini na figo zilizoharibika baada ya kuzinduka. Sehemu kubwa ya madhara hayo huanzia tumboni, kwa bakteria tunaoishi nao maisha yetu yote.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi unayoyafanya yatabadilika: chakula unachokula wiki kadhaa kabla ya kiangazi, dawa unayomeza asubuhi kabla ya kazi, namna unavyomhudumia aliyeanguka, na siku unazoendelea kumwangalia. Mwongozo huu ni wa mkata mkonge, mchimbaji wa vito, bodaboda, dereva wa lori, mkulima wa Taveta, mama mwenye mtoto mchanga chini ya paa la mabati, na msimamizi anayepanga kazi za wengine.

Kinachotokea tumboni

Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wenyewe, na wengi wao wamo kwenye utumbo mpana. Wakiwa mahali pao wanatufaa sana. Huchachusha nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwanyima nafasi vijidudu waletao maradhi. Kinachowatenga na damu yetu ni ute, na chini yake utando wenye safu moja tu ya seli. Bakteria hawa ni kama mbuzi: ndani ya boma ni mali, wakivunja boma wakaingia shambani ni hasara.

Joto linapopanda, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe. Ukiwa unafanya kazi nzito, misuli nayo inadai damu yake. Damu hiyo yote hupunguzwa kutoka tumboni, na katika kazi ngumu inayofika utumboni inaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Seli za utando hukosa oksijeni, na joto lenyewe hulegeza viungio vinavyozishikanisha. Joto la ndani ya mwili likishapita nyuzi 39, utando huanza kuvuja.

Kinachovuja zaidi ni vipande vya kuta za bakteria, sumu iitwayo endotoksini. Damu ya utumbo hupitia kwanza kwenye ini, na ini huichuja. Lakini ini nalo limepungukiwa na damu na limepata joto. Sumu ikizidi uwezo wake huingia kwenye mzunguko wa mwili mzima, na kinga hushtuka kana kwamba mtu ana maambukizi makali ya damu. Damu huganda ndani ya mishipa midogo. Figo, ini, mapafu na ubongo hupungukiwa na damu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupozwa, joto likashuka, na bado viungo vikaendelea kuharibika kesho yake na kesho kutwa.

Ushahidi wa haya umekusanywa kwa miongo mingi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mbwa waliopunguziwa bakteria wa tumboni walistahimili kiharusi cha joto kuliko wale ambao hawakupunguziwa. Mwaka 1987 kundi la watafiti wa Afrika Kusini lilipata jibu linaloelekea huko huko kwa tumbili, jamaa wa hawa tunaowaona kando ya mbuga ya Tsavo: waliopewa dawa ya kuua bakteria wa tumboni, endotoksini haikupanda kwenye damu yao walipopashwa joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata, wakimbiaji 89 waliochoka hoi katika mbio za Comrades, za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, walipimwa damu. Wanane kati ya kila kumi walikuwa na endotoksini nyingi kuliko kawaida. Huko Saudi Arabia, daktari Abderrezak Bouchama na wenzake waliikuta sumu hiyo hiyo kwa mahujaji waliopigwa na joto Makkah.

Tafadhali usichukue habari ya mbwa na tumbili kuwa ruhusa ya kumeza antibayotiki. Dawa hizo huua pia bakteria wanaolinda utando, huleta kuhara, na huwafanya vijidudu kuwa sugu. Lengo letu ni kuliimarisha boma, na bakteria wabaki ndani wakifanya kazi yao.

Nani yuko hatarini zaidi

Kiharusi cha joto kiko namna mbili. Ya kwanza huwapata polepole wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, hata wakiwa wamekaa tu ndani ya nyumba yenye joto. Ya pili huwapata vijana wenye nguvu wanaofanya kazi nzito, na huja kwa haraka.

Katika kaunti yetu kuna kundi lingine linalosahaulika: watu wa milimani wanaoshuka kufanya kibarua tambarare. Wundanyi na Werugha kuna baridi, hata usiku watu hujifunika blanketi zito. Ukitoka huko Jumatatu alfajiri na kuingia moja kwa moja kwenye mkonge wa Mwatate au Voi, mwili wako haujajifunza jua la huku. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto: jasho kuanza mapema, chumvi kupungua kwenye jasho, moyo kutulia. Siku ya kwanza fanya kama moja ya tano tu ya kazi ya kawaida, kisha ongeza kiasi hicho hicho kila siku. Aliyekuwa mgonjwa au likizoni wiki kadhaa naye aanze na nusu, apande taratibu.

Jihadhari zaidi ikiwa umeharisha, umekuwa na homa, hukulala, au umekesha ukinywa pombe. Aliyeharisha jana ana utando wa utumbo ambao tayari umechubuka, na mwili umepungukiwa na maji. Siku hiyo si ya kukata mkonge wala kuingia shimoni.

Imarisha utumbo wiki kadhaa kabla

Seli za utando wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo unachokula kina nafasi ya kuujenga upya. Bakteria wakichachusha nyuzinyuzi hutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana na husaidia kuvikaza viungio vyake. Katika majaribio ya panya, nyuzinyuzi zilipokosekana bakteria waligeuka na kuula ute unaolinda utando.

Chakula kinachofaa kiko hapa hapa na si ghali. Kimanga cha Kitaita, chenye maharage yaliyopondwa pamoja na muhogo, viazi vitamu au ndizi, ni chakula bora kwa kazi hii. Pojo, kunde na mbaazi huota vizuri tambarare. Uji wa wimbi au mtama una nyuzinyuzi nyingi kuliko uji wa unga mweupe wa sembe. Mchicha na majani ya kunde yapatikane kila siku, na ndizi za Taveta zimejaa sokoni.

Mabuyu si ya watoto peke yao. Unga mweupe wa ndani ya buyu una nyuzinyuzi nyingi zinazowalisha bakteria. Nchi jirani, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, mizizi, asali na mabuyu walichunguzwa, na mwaka 2014 matokeo yakaonyesha kwamba aina za bakteria tumboni mwao ni nyingi kuliko za wakazi wa mji wa Bologna, Italia. Hakuna anayekutaka uishi kama Mhadzabe. Koroga unga wa ubuyu kwenye maji au uji, bila kuujaza sukari.

Maziwa ya mgando, yaani mala, yana bakteria hai wa kuchachusha. Katika jaribio moja dogo la mwaka 2014, wakimbiaji 10 waliopewa bakteria wa aina hiyo katika vidonge kwa wiki 4 walikimbia muda mrefu zaidi kwenye joto la nyuzi 35 kabla ya kuchoka. Jaribio hilo halitoshi kusema mala ni kinga ya kiharusi cha joto. Linatosha kuifanya iwe chaguo zuri kuliko soda, mradi imetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa na haikukaa juani.

Kama hujazoea maharage na nyuzinyuzi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu ili tumbo lisijae gesi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono ioshwe. Kila kuhara unakozuia ni ulinzi wa utumbo wakati wa jua.

Unachomeza siku ya kazi

Maji: kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 ukiwa juani, hata kama huna kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na hiyo nayo ni hatari. Weka jerikeni chini ya mti au lifunge gunia bichi.

Chumvi: kazi ikizidi saa mbili na jasho likawa jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mwenye shinikizo la damu, figo au kisukari amuulize daktari kwanza.

Dawa za maumivu: hapa ndipo wengi wanapojiumiza bila kujua. Kibarua anaamka mgongo unauma, anameza diclofenac au ibuprofen, anaingia kazini. Dawa za jamii hii huuchubua utando wa utumbo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waendesha baiskeli waliomeza ibuprofen kabla ya mazoezi walipata madhara makubwa zaidi ya utumbo na utando wao ukavuja zaidi. Dawa hizo hupunguza pia damu inayofika kwenye figo, wakati figo tayari zimepungukiwa na maji. Usizimeze kabla ya kazi ya jua. Kama daktari amekuandikia dawa za shinikizo, za kukojoza au za akili, usiziache, lakini mwambie kwamba unafanya kazi juani.

Miraa, muguka na vinywaji vya kuongeza nguvu: huusukuma moyo, huondoa hisia ya uchovu na huweza kupandisha joto la mwili. Uchovu ni onyo unalolihitaji. Pombe hukausha mwili na kuuchubua utando wa utumbo.

Kwa wanaofunga Ramadhani: katika miaka hii mwezi mtukufu umeangukia Februari na Machi, kilele cha joto letu. Daku iwe na uji wa nafaka nzima, kunde na matunda, na maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi alfajiri. Kazi nzito ifanywe mapema asubuhi. Anayeona kizunguzungu au kuchanganyikiwa afungue, kwa kuwa dini imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Itambue hatari mapema

Uchovu wa joto huja na kichwa kuuma, kichefuchefu, mkakamao wa misuli na jasho jingi, lakini akili bado iko sawa. Mtoe mtu juani, mlaze, mpe maji yenye chumvi na sukari, na asirudi kazini siku hiyo.

Akili ikibadilika, hicho ni kiharusi cha joto. Mtu anaongea ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anapata degedege au anazimia. Joto lake la ndani mara nyingi limepita nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke: kibarua mwenye nguvu anaweza kuwa kwenye kiharusi cha joto huku jasho likimtiririka. Usiamini kipimajoto cha kwapani pia, kwa sababu hudanganya.

Uliza maswali mepesi. “Kaka, leo siku gani? Tulianza mstari gani asubuhi?” Akishindwa kujibu, au akijibu visivyo, anza kumpoza pale pale.

Huku kwetu watu husema haraka kwamba ni malaria imepanda kichwani. Inawezekana, na hospitalini atapimwa. Lakini aliyeanguka juani akiwa na mwili wa moto apozwe kwanza. Usimpe paracetamol wala aspirini: hazishushi joto la namna hii, na zinaweza kuliumiza ini au kuongeza kutoka damu.

Nusu saa ya kwanza

Kila dakika mwili unapobaki na joto kali, utumbo unaendelea kuvuja. Lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa. Katika mbio za Falmouth, Marekani, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitumbukizwa kwenye maji baridi papo hapo katika kipindi cha miaka 18, na wote waliokoka. Fanya hivi:

1. Mtoe juani au shimoni. Mvue viatu, kofia na nguo nzito.

2. Mtume mmoja apige simu: 999, 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

3. Tandaza turubai, mlaze juu yake, na watu wanne au zaidi washike kingo na kuziinua ili liwe beseni. Mmwagieni maji yote mliyo nayo kuanzia shingoni kwenda chini, kisha mliyumbishe turubai ili maji yamzunguke. Kichwa kishikiliwe juu ya maji muda wote. Barafu kutoka duka la samaki au soda ikipatikana, itieni.

4. Kama maji ni jerikeni moja tu, lowesha leso, mfunike kifua, shingo, makwapa na mapaja, na watu wawili wampepee kwa nguvu kwa kadibodi. Leso ikipata joto, ilowesheni tena. Upepo juu ya ngozi iliyolowa hupoza hata kama maji si baridi.

5. Usimnyweshe chochote asiyejitambua. Akitapika, mlaze ubavu.

6. Mpozeni kwanza, kisha mwondoke naye. Safari ikiwa lazima ianze, endeleeni kumlowesha ndani ya gari huku madirisha yakiwa wazi. Kumfunga kwenye bodaboda kati ya watu wawili ni kumwongezea joto.

Mpelekeni hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa. Voi kuna Hospitali ya Moi ya Rufaa ya Kaunti. Mwatate, Taveta na Wesu zina hospitali zao.

Siku tatu zinazofuata

Madhara ya ini mara nyingi hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Figo na misuli navyo huonyesha dalili baadaye. Mwambie daktari wazi: alianguka juani, alikaa muda gani, akili ilibadilika, alikuwa amemeza dawa gani. Omba apimwe figo, ini, misuli na kuganda kwa damu, na uliza kama vipimo virudiwe kesho yake.

Nyumbani, angalieni mkojo. Ukiwa mchache au wa rangi ya chai ya rangi, rudini hospitali saa hiyo hiyo. Rudini pia mkiona macho ya manjano, damu puani au kwenye ufizi, choo cheusi, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa upya. Kwa siku hizo asiguse diclofenac, ibuprofen, pombe wala dawa za mitishamba, kwa sababu ini na figo bado vinajitengeneza. Mlisheni uji, ndizi, mchuzi wa pojo na vyakula laini, kidogo kidogo.

Asirudi kazini kabla ya wiki moja kamili na kabla daktari hajamruhusu. Akirudi, aanze upya hatua za kuzoea joto. Aliyewahi kupigwa na joto hupigwa tena kwa urahisi.

Wajibu wa msimamizi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe maji salama ya kunywa na huduma ya kwanza kazini. Kwa joto la Voi, hilo maana yake ni mambo manne. Kazi nzito imalizwe kabla ya saa tano asubuhi. Malipo yasimwadhibu anayepumzika: kibarua anayelipwa kwa idadi ya matita hatakunywa maji kama kila kikombe kinamkata mshahara. Watu wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Na kila eneo la kazi liwe na turubai, maji ya akiba yasiyopungua jerikeni tano, na mtu aliyefundishwa hatua sita zilizo hapo juu.

Wiki hii, kabla jua halijazidi, fanya mazoezi hayo na wenzako mara moja, maji na turubai vikiwa mkononi. Siku mtu atakapoanguka, hakutakuwa na nafasi ya kusoma. Ini lake na figo zake zitategemea jinsi mikono yenu itakavyokuwa imezoea.